Jacob Christoph Le Blon: alipata rangi zote kwa wino wa rangi tatu, akafa bila utajiri

Kwenye kuta za vituo vya afya vya Masereka, katika wilaya ya Lubero, afishi ya rangi si jambo la ajabu. Wakati wa Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020, zone ya afya ya Masereka ilikuwa kati ya zile zilizoguswa, pamoja na Beni, Butembo na Katwa. Picha za rangi zilisaidia sana kazi ya uhamasishaji, kwa sababu hata mzee asiyejua kusoma anaweza kutazama na kuelewa namna ya kunawa mikono. Leo tunaona afishi za chanjo, kalendari za parokia, paketi za biskuti na picha za arusi.

Mtu akitazama afishi kama hiyo anaona damu nyekundu, majani ya kijani, udongo wa kahawia na ngozi ya mtu vile ilivyo. Anaweza kudhani kwamba mashini ilitiwa wino wa kila rangi. Sivyo. Kwa kawaida mashini hiyo ina wino wa rangi nne tu. Kijani hakimo, kahawia haimo, na rangi ya ngozi haimo.

Mtu wa kwanza kuonyesha kwamba jambo hilo linawezekana ni mchoraji wa Ujerumani aliyekufa mwaka 1741. Jina lake ni Jacob Christoph Le Blon. Karibu kila karatasi ya rangi tunayoshika leo inafuata njia yake. Lakini yeye mwenyewe njia hiyo ilimletea hasara.

Mchoraji mwenye swali moja

Le Blon alizaliwa mwezi wa Mei 1667 Frankfurt, mji uliojulikana tangu zamani kwa biashara ya vitabu. Ukoo wake ulikuwa wa watu wa picha na vitabu. Kati ya wazee wake kulikuwa Matthäus Merian, mchongaji aliyejulikana sana kwa picha za miji. Kwa hiyo kazi ya kuchapa haikuwa kitu kigeni nyumbani kwao.

Akiwa kijana alikwenda Roma kujifunza kwa Carlo Maratta, mmoja wa wachoraji waliosifiwa sana siku zile. Mwanzoni mwa karne ya 18 alihamia Amsterdam, Uholanzi. Hapo alitafuta riziki yake kwa kuchora picha ndogo sana za watu, zile ambazo matajiri walizibeba mfukoni au shingoni.

Mchoraji wa namna hiyo anachanganya rangi kila siku. Anajua kwamba bulu na njano vikikutana vinatoa kijani, nyekundu na njano vinatoa rangi ya chungwa, na bulu na nyekundu vinatoa zambarau. Wachoraji walilijua hilo kabla ya Le Blon kuzaliwa. Swali lake lilikuwa lingine: ikiwa mkono wa mchoraji unaweza kutoa karibu rangi zote kutokana na tatu, kwa nini mashini ya kuchapa isiweze?

Ili kuelewa uzito wa swali hilo, ni lazima kujua picha za rangi zilipatikana namna gani wakati ule. Njia ya kawaida ilikuwa kuchapa picha kwa wino mweusi, kisha mtu akae na burashi apake rangi kila nakala kwa mkono. Nakala mia moja ni kazi ya kupaka mara mia moja. Kulikuwa pia njia ya kuchonga vipande vya mbao, kila kipande na wino wake. Lakini hapo kila rangi mpya ilidai kipande kipya. Picha yenye rangi kumi na mbili ingedai vipande kumi na viwili.

Le Blon alitaka vitatu tu.

Mwangaza na wino si kitu kimoja

Mwaka 1704, Isaac Newton alitoa Uingereza kitabu chake juu ya mwangaza. Alieleza kwamba mwangaza mweupe wa jua una rangi nyingi ndani yake, zile tunazoziona katika upinde wa mvua. Rangi hizo zikirudishwa pamoja, zinakuwa nyeupe tena.

Watu wengi walichanganyikiwa. Mchoraji akichanganya rangi zake zote hapati nyeupe hata kidogo, anapata kitu kama tope jeusi. Le Blon alilitengeneza jambo hilo kwa maneno rahisi katika kitabu chake: kuna rangi za mwangaza, ambazo zikijumlishwa zinakwenda kwenye weupe, na kuna rangi za vitu, kama udongo na wino, ambazo zikijumlishwa zinakwenda kwenye weusi.

Sababu yake tunaijua vizuri leo. Karatasi nyeupe inarudisha mwangaza wote kwenye jicho. Wino ukiwekwa juu yake unafanya kazi kama kichujio, unameza sehemu ya mwangaza na kuacha nyingine ipite. Wino wa njano unameza sehemu ya bulu. Wino wa bulu unameza sehemu ya nyekundu. Ukiuweka mmoja juu ya mwingine, kinachobaki na kurudi kwenye jicho ni kijani. Hakuna aliyetia kijani hapo. Kimebaki chenyewe baada ya vingine kumezwa.

Ndiyo maana simu inafanya kinyume. Kioo cha simu hakina karatasi nyeupe, chenyewe kinatoa mwangaza, nacho kinajumlisha nyekundu, kijani na bulu mpaka kufika kwenye nyeupe. Karatasi inaanza na nyeupe na kupunguza. Mtu akitengeneza afishi kwenye kompyuta, kisha akashangaa kuona rangi zimefifia baada ya kuchapwa, sababu moja ni hiyo.

Mabamba matatu ya shaba

Kujua ni jambo moja, kutengeneza ni lingine. Le Blon alichukua njia iliyokuwa imevumbuliwa Ulaya katikati ya karne ya 17 kwa ajili ya picha nyeusi. Bamba la shaba linakwaruzwa lote kwa chuma chenye meno madogo, mpaka uso wake unajaa vishimo vidogo. Bamba hilo likipakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi, linatoa weusi mtupu. Kisha fundi analainisha sehemu moja moja. Pale anapolainisha kidogo, wino unapungua. Pale anapolainisha kabisa, karatasi inabaki nyeupe. Kwa njia hiyo fundi anapata giza, nusu giza na mwangaza bila kuchora mstari hata mmoja.

Le Blon alitengeneza mabamba matatu kwa picha moja: la bulu, la njano na la nyekundu. Alichapa bulu kwanza, kisha njano juu yake, na mwisho nyekundu. Wino ulipaswa kupitisha mwangaza kama kioo cha rangi. Wino mzito unaofunika ulio chini yake ungeharibu kila kitu.

Ugumu mkubwa ulikuwa kugawa rangi. Hakukuwa kamera. Le Blon alitazama shavu la mtu kwenye picha ya mchoraji, akajiuliza ndani yake: hapa kuna njano kiasi gani, nyekundu kiasi gani, bulu kiasi gani? Halafu alikwenda kwenye kila bamba na kulainisha sehemu ile kulingana na jibu alilolipata kwa jicho lake. Alifanya hivyo kwa shavu, kwa nywele, kwa nguo, kwa kila kivuli. Kosa kwenye bamba moja lilionekana tu baada ya yote matatu kuchapwa.

Ugumu wa pili ulikuwa kulinganisha. Karatasi ililowanishwa kabla ya kuchapwa, na karatasi iliyolowa inavutika. Ikisogea kidogo tu kati ya bamba na bamba, midomo inatoka nje ya uso. Msomaji amekwisha kuona kosa hilo kwenye gazeti au kwenye paketi iliyochapwa vibaya: kivuli cha nyekundu upande mmoja, kivuli cha bulu upande mwingine, na macho yanauma kutazama.

Kampuni ya London

Le Blon alikwenda London, na mwaka 1719 Mfalme George wa Kwanza alimpa kibali cha kulinda uvumbuzi wake. Baada ya hapo ikaundwa kampuni ya kuchapa na kuuza picha, nayo ikaitwa Picture Office. Watu walitia feza zao kwa matumaini ya faida. London wakati ule ilikuwa na homa ya kununua hisa, kila mwenye wazo jipya alipata watu wa kumfuata.

Kampuni ilichapa nakala za picha za wachoraji wakubwa, kama Titian na Van Dyck. Wazo lilikuwa zuri. Mtu ambaye hawezi kununua picha ya mafuta ya Van Dyck angenunua nakala yenye rangi zake, kwa bei nafuu, na kuitundika nyumbani. Nakala zilipakwa vanishi ili zing'ae kama picha za mafuta, na nyingine zilibandikwa kwenye kitambaa.

Lakini hesabu hazikukubali. Kulainisha mabamba matatu kwa mkono kulichukua muda mrefu. Shaba ile yenye vishimo ilichakaa upesi, ikatoa nakala nzuri chache tu kabla ya kufifia. Nakala nyingi ziliharibika katika kulinganisha rangi. Uongozi wa mali nao haukuwa mzuri. Gharama zilipita mauzo, na kufikia mwaka 1725 kampuni ilikuwa imefilisika.

Katika siku hizo ndipo Le Blon alipotoa kitabu chake kidogo, Coloritto, kwa lugha mbili, Kiingereza na Kifaransa. Humo alieleza namna rangi zote zinavyotoka kwenye njano, nyekundu na bulu. Habari za mashini na mabamba hakuziweka zote wazi. Siri ilikuwa mali yake ya mwisho.

Hakukata tamaa. Mwaka 1727 alipata kibali kingine, safari hii kwa ajili ya kufuma mapazia makubwa yenye picha. Nyuzi haziwezi kulala moja juu ya nyingine kama wino. Basi alizipanga kando kando, nyuzi za rangi chache tu pamoja na nyeupe na nyeusi, ili jicho la mtu aliye mbali lizichanganye lenyewe. Wazo hilo ni sawa na lile la kioo cha simu zetu, ambacho kina vidoa vidogo vya rangi kando kando. Kiwanda chake kilikuwa Chelsea, karibu na London. Nacho kilianguka.

Mzee wa Paris

Katika miaka ya 1730, akiwa mzee wa karibu miaka 70, Le Blon alivuka bahari kwenda Ufaransa kuanza upya. Mwaka 1737, Mfalme Louis wa Kumi na Tano alimpa ruhusa ya pekee ya kuchapa picha za rangi. Lakini ruhusa hiyo ilikuwa na sharti: Le Blon aonyeshe kazi yake yote mbele ya wajumbe waliowekwa na serikali, bila kuficha kitu. Siri aliyoibeba kwa miaka mingi ikafunguliwa.

Hapo Paris alichapa picha ya mfalme mwenyewe. Katika kazi zake alitumia pia bamba la nne, la wino mweusi. Sababu yake ni ya kazi. Kwa nadharia, bulu, njano na nyekundu vikijumlishwa vinapaswa kutoa nyeusi. Kwa kweli vinatoa kahawia chafu, kwa sababu hakuna wino ulio safi kabisa. Wino mweusi unatia nguvu kwenye vivuli, unaonyesha wazi nywele na mistari, tena unapunguza matumizi ya wino mwingine ambao ni ghali zaidi. Mashini za leo zinatumia wino mweusi kwa sababu zile zile.

Jacob Christoph Le Blon alikufa Paris tarehe 16 Mei 1741. Hakuacha utajiri.

Ugomvi juu ya urithi

Hata kabla ya kifo chake, wanafunzi walikuwa wamekwisha kuchukua njia yake. Jan l'Admiral, aliyejifunza kwake, alirudi Uholanzi na kuchapa picha za rangi za viungo vya mwili kwa ajili ya waganga. Hapo ndipo wengi walipoona faida ya kweli ya uvumbuzi huo. Kwa mnunuzi wa London, rangi ilikuwa pambo la ukuta. Kwa mwanafunzi wa udaktari, rangi ilitenganisha mshipa na mshipa, nyama na mfupa.

Mwingine, Jacques-Fabien Gautier d'Agoty, alifanya kazi kwa Le Blon kwa muda mfupi sana. Le Blon alipokufa, Gautier alipata ruhusa ya mfalme kwa jina lake, akatangaza kwamba kazi ya mabamba manne ni uvumbuzi wake mwenyewe. Alichapa vitabu vikubwa vya viungo vya mwili, na kwa miaka mingi alibishana na kila aliyetaja jina la Le Blon.

Kilichomwokoa Le Blon ni lile sharti la kuonyesha kazi mbele ya watu. Mwaka 1756, Antoine Gautier de Montdorge, aliyekuwa ameishuhudia kazi yake, alitoa Paris kitabu kilichoeleza njia ya Le Blon hatua kwa hatua. Kama mzee yule angekufa na siri yake, huenda leo tungesoma jina la mwingine. Kwa kulazimishwa kuifungua, aliacha shahidi.

Kutoka kwa jicho hadi kwa kamera

Kilichokosekana katika maisha ya Le Blon ni chombo cha kugawa rangi mahali pa jicho. Kilifika zaidi ya miaka mia moja baada yake. Mwaka 1861, James Clerk Maxwell alionyesha London kwamba picha tatu zilizopigwa kupitia vichujio vya nyekundu, kijani na bulu zinaweza kurudisha rangi za kitu. Mwaka 1869, Mfaransa Louis Ducos du Hauron alieleza namna ya kufanya hivyo hata kwenye karatasi. Kisha mwishoni mwa karne ya 19, wachapaji walijifunza kugeuza picha kuwa vidoa vidogo sana: vidoa vikubwa mahali penye rangi nyingi, vidoa vidogo mahali penye rangi kidogo. Kazi iliyomchukua Le Blon muda mrefu, leo kompyuta inaimaliza kwa sekunde chache.

Rangi zenyewe zilirekebishwa kidogo. Mahali pa bulu nzito kuna siyani, bulu iliyo karibu na kijani. Mahali pa nyekundu kuna majenta, nyekundu iliyo karibu na zambarau. Njano na nyeusi zimebaki. Rangi hizo nne ndizo zinazokaa katika kartushi za mashini kwenye nyumba za fotokopi. Njano ikiisha, uso wa bwana arusi unatoka na rangi ya bulu na zambarau, na majani nyuma yake yanakuwa bulu.

Msomaji anaweza kujionea mwenyewe. Chukua paketi ya biskuti au ya sabuni, ifungue na utazame pembeni, sehemu inayofichwa na gundi. Mara nyingi utaona viduara au viboksi vidogo vya rangi nne. Wachapaji wameviweka ili kuhakikisha kwamba kila wino umekuja kwa kiasi chake na umekaa mahali pake. Halafu tazama afishi kwa lenzi. Kijani kitapotea, utaona vidoa vya siyani na vya njano vikiwa pamoja.

Wachuuzi wa feza nao wanaweza kufaidika na ujuzi huo. Noti halisi ya dola ina mistari myembamba ya wino kamili, isiyokatika. Noti ya uongo iliyotoka kwenye mashini ya kawaida ya ofisi, ukiitazama kwa lenzi, mistari yake mara nyingi inavunjika kuwa vidoa vya rangi mbalimbali. Mashini ile haina wino wa noti. Ina wino wake wa rangi nne tu, nayo inajaribu kudanganya jicho.

Le Blon hakuwahi kuona vidoa hivyo, wala kamera, wala umeme. Alikuwa na shaba, chuma chenye meno na macho yake mawili. Kampuni yake ilianguka, kiwanda chake kilianguka, na kazi yake ikadaiwa na mwingine. Lakini afishi ya chanjo iliyo ukutani Masereka inafuata hesabu ile ile aliyoifanya kwa mkono: bulu kiasi gani, njano kiasi gani, nyekundu kiasi gani, na nyeusi ya kutia nguvu.